Bomba Linalotekenya

Mtaani walimwita Kata Kwanza. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ndoa na kwenye kadi ya zahanati, basi. Fundi umeme yule, ukimwita nyumbani kwako, kabla salamu hazijaisha atakuuliza, "Mmekata?" Ukimjibu kwamba taa imezimwa, atakutazama kwa macho yake ya usingizi na kusema, "Sijauliza habari za taa. Nimeuliza umeme. Kata kwanza." Watoto wakimwona njiani waliigiza sauti yake. Hata mkewe, akimwona anausogelea mkate mzima mezani, humwambia, "Kata kwanza, baba."

Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi hacheki. Miaka thelathini ya kutambaa darini na kupanda ngazi za watu si mchezo jamani, magoti yanakwisha, na shingo yake ilikuwa imegoma kugeuka upande wa kushoto. Lakini kilichomchosha zaidi ni mdomo. Kusema lile lile, nyumba kwa nyumba, kwa watu wanaokuitikia "ndiyo fundi, ndiyo fundi," ukitoka tu wanarudi kuchomeka pasi kwa mikono yenye maji.

Jumamosi hiyo ninayowasimulia alikuwa amegombana na mteja tangu asubuhi. Bwana mmoja amejenga nyumba nzuri, madirisha mapana, vigae mpaka bafuni, lakini nondo ya shaba ya kupigilia ardhini hataki hata kuiona.

"Nieleze," akasema yule bwana. "Hii ni ya kazi gani?"

Kata Kwanza akaishusha nondo. Akaeleza kama alivyoeleza mara elfu. Nyaya ni tatu. Wa kwanza unaleta moto. Wa pili unaurudisha ulikotoka. Wa tatu umefungwa kwenye nondo iliyozikwa ardhini, kazi yake ni kungoja. Siku moto ukipotea njia, ukaingia kwenye bati la friji au kwenye bomba, ule wa tatu unauteremsha chini ardhini kabla haujapitia mwilini mwako.

"Na siku nyingine zote unafanya nini?"

"Haufanyi kitu."

"Haufanyi kitu! Na unataka nizike shaba nzima kwa ajili ya waya mvivu? Fundi, mwenzio mwingine ameniambia haina haja. Chukua nondo yako."

Akaichukua. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hata kulisema hilo alikuwa amechoka. Akaiweka nondo begani, nyundo na koleo kwenye mfuko, akatoka. Jua la alasiri lilikuwa bado kali na magoti yanamlalamikia kila hatua, akaona afadhali apitie kwa dada yake apumzike kidogo ndipo aendelee na safari.

Dada huyu si dada wa jina tu. Mama yao alipofariki, yeye Kata Kwanza alikuwa hajaota meno ya mbele, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamchapa alipostahili na hata asipostahili. Sasa alikuwa mtu mzima sana, sukari imemwandama, miguu imekufa ganzi kiasi kwamba anaweza kukanyaga msumari asijue. Zahanati walimpa viatu vya kufunika, soli nene ya mpira, wakamwonya asivivue nje hata kwa dakika moja. Alitii mpaka wapangaji wenzake wakamwita Bibi Viatu. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita kwa mwaka wa tano sasa, na aliyemtafutia chumba ni Kata Kwanza mwenyewe. "Dada, nyumba ile umeme wake niliuweka mimi," alimwambia wakati ule. "Ukalale usingizi."

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, taulo begani, sabuni mpya mkononi, uso umemchangamka kama anayesubiri harusi.

"Karibu mdogo wangu! Umekuja na mkuki? Unakwenda vitani?"

"Natoka vitani, Dada. Nimeshindwa."

"Kaa basi. Leo nina shughuli. Muuguzi amesema kidonda cha kidole kimeanza kufunga, sasa kila alasiri nioshe miguu kwa maji yanayotiririka, niiache ipate hewa. Kila siku! Miaka mingapi sijakanyaga sakafu kwa unyayo wangu?"

Kata Kwanza akatabasamu, akaegemeza nondo ukutani, akajishusha kwenye ngazi ya baraza taratibu kama mtu anayeshusha gunia. Pembeni mpangaji mmoja, mama wa mapacha, alikuwa akisuuza nguo, miguuni kandambili zilizokwisha, zimelowa chapachapa. Nyuma ya ukuta pampu ya maji ikaanza kunguruma. Mama Pacha akanyoosha mkono kufungua bomba, akaurudisha haraka.

"Yalaa! Limeanza kutekenya!" Akacheka mwenyewe. "Bibi Viatu, hebu gusa utuambie."

Dada akanyoosha mkono, akalishika bomba la chuma kwa kiganja chote. "Hakuna kitu. Nyinyi vijana mna mishipa ya hariri."

Uchovu wote ukamtoka Kata Kwanza.

"Mama Pacha, linatekenya vipi?"

"Si linatekenya tu, fundi! Kama mtoto anakukuna kiganjani. Ni maji yana nguvu tangu mwenye nyumba alete hiyo pampu. Ikinguruma linatekenya, ikinyamaza linanyamaza. Ndiyo maana tunavaa hizi." Akaonyesha mlango wa bafu. Jozi ya kandambili ilikuwa imening'inizwa msumarini, na juu yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa makaa: KANDAMBILI ZA BOMBA, USIONDOKE NAZO.

Lo! Nyumba nzima, vyumba sita, watu wazima na akili zao, wamekaa wakatunga sheria ya viatu, wakaiandika na kuitundika, na hakuna hata mmoja aliyemwita fundi.

"Na hamkudhani ni umeme?"

"Tulidhani. Lakini mbona Bibi halimtekenyi? Kila mara tunamwita aguse, yeye anasema hakuna kitu. Umeme ungechagua mtu?"

"Hauchagui mtu," akasema Kata Kwanza, ameshasimama. "Unachagua viatu."

Akageuka. Dada alikuwa ameshafungua kamba, kiatu kimoja kiko kando, na unyayo wake mweupe, uliosahaulika, unashuka kuelekea kwenye saruji iliyolowa. Mkono wake mmoja tayari uko njiani kwenda kwenye bomba.

"Dada, vaa kiatu!"

Hajawahi kumpandishia sauti tangu azaliwe. Dada aliganda, mguu hewani.

"Unanifokea mimi?"

"Vaa kiatu, usishike bomba. Mama Pacha, simama mbali. Msiguse maji." Akatoa ile bisibisi yake ya kupimia, yenye taa ndogo ndani ya mpini, akagusisha ncha kwenye bomba. Taa ikawaka nyekundu, bila wasiwasi wowote. Mama Pacha akajishika mdomo.

Kata Kwanza akaenda mbio, mbio za magoti mabovu, mpaka kwenye swichi kuu ukumbini, akaivuta chini. Pampu ikanyamaza, redio za vyumba vyote zikanyamaza. Kutoka chumba cha mwisho mtu akapiga kelele, "Nani amekata?" Akajibiwa na mwenzake, "Si unajua nani anayekata!"

Sasa akili yake ilifuata njia. Pampu inavuja moto kwenye mwili wake, na mwili wa pampu umeshikana na mabomba. Sawa, pampu huchakaa. Lakini moto ule ulitakiwa uchukuliwe na waya wa tatu, uteremshwe ardhini, na swichi kuu iruke yenyewe siku ya kwanza tu. Mbona haukuteremka? Akaufuata ule waya wa kijani kutoka kwenye swichi, ukapita ukutani, ukatoka nyuma ya nyumba, ukashuka mpaka chini. Pale ukaingia kwenye kinundu cha saruji kikubwa kama ngumi.

Alipokiona kile kinundu tu, alijua. Hakuwa na haja ya kukigonga.

Akakigonga hivyo hivyo. Saruji ikapasuka, waya ukachomoka, ncha yake kavu, fupi, urefu wa kidole, haujafungwa kwenye kitu chochote.

Miaka kumi na tisa nyuma. Ijumaa, mvua inanyesha, kazi imekwisha isipokuwa nondo, na mwenye nyumba amesema ataileta Jumatatu. Mkaguzi anakuja kesho yake asubuhi. Kata Kwanza wa wakati ule alikuwa na magoti mazima lakini alikuwa amechoka vilevile, akaukata waya, akauchomeka kwenye udongo, akaufunika kwa saruji kidogo ili uonekane umeingia ardhini kama unavyotakiwa. "Nitarudi Jumatatu," alijiambia. Jumatatu akapata kazi nyingine mbali. Jumatatu zikawa nyingi, zikamezana, mpaka akasahau kweli kabisa. Akasahau hata siku alipomleta dada yake akae hapa.

Mganga hajigangi, wanasema. Kata Kwanza alichuchumaa pale nyuma ya nyumba, waya mkononi. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Miaka yote hii anawahubiria watu juu ya waya wa tatu!

Na hakuna aliyejua. Hilo lilimjia upesi. Nondo iko pale ukutani, nyundo anayo. Apigilie, afunge, awashe, wampigie makofi, wamwite mkombozi wa nyumba. Nusu saa, kazi imekwisha. Alikuwa amechoka mno kutafuta ugomvi mwingine, tena ugomvi na nafsi yake.

Akarudi uani. Dada alikuwa amevaa kiatu, amekunja mikono, anasubiri maelezo.

"Dada," akasema. "Waya wa ardhini haukufungwa. Tangu nyumba ijengwe."

"Fundi gani huyo mwanaharamu?"

"Mimi."

Mama Pacha akainama ghafla kwenye beseni lake kana kwamba nguo zimemwita. Dada alimwangalia mdogo wake toka utosini mpaka miguuni, macho yale yale ya enzi za kiboko.

"Ulinileta wewe hapa."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nilale usingizi."

"Ndiyo, Dada."

"Nami nimeshika lile bomba miezi minne, tangu pampu ije. Nawaambia watoto wa watu hakuna kitu, shikeni tu." Akaiangalia nondo ukutani. "Mkuki wako huo ndio unaotakiwa?"

"Ndio."

"Basi unangoja nini? Jumatatu?"

Alikuwa hajamwambia habari za Jumatatu. Ni kusema tu, lakini lilimwingia kama sindano.

Akapigilia. Udongo wa nyuma ya nyumba ulikuwa mgumu, kila pigo la nyundo likimpanda begani mpaka kwenye ile shingo mbovu. Mama Pacha alimwaga ndoo mbili za maji kulainisha, bila utani. Shaba ilipozama yote, akaukwangua waya, akaunganisha kipande cha kuurefusha, akaufunga kwa kibanio, akakaza mpaka koleo likalia. Akauvuta. Akauvuta tena.

Ndipo akaenda kuwasha. Alipandisha swichi kuu, pampu ikakohoa mara moja, na swichi ikaruka chini yenyewe: tak!

"Imeharibika!" akalia mtu wa chumba cha mwisho.

"Imepona," akasema Kata Kwanza. "Moto umepata njia ya kwenda ardhini, swichi imeuona unapotea ikajikata. Ingefanya hivyo tangu siku ya kwanza." Akaichomoa plagi ya pampu, akaizungushia waya wake, akasema hiyo haichomekwi tena mpaka imepita kwa fundi wa mota, na atakayeichomeka atamjua yeye ni nani. Akapandisha swichi. Safari hii ikakaa. Redio zote zikarudi kwa pamoja.

Juu ya paa tangi lilikuwa bado na maji ya kutosha. Wapangaji walikuwa wametoka vyumbani, wamesimama barazani, kila mmoja na kandambili zake. Kata Kwanza alipima bomba kwa bisibisi, taa haikuwaka. Akapima mara ya pili, na ya tatu.

"Haya Bibi Viatu," akasema Mama Pacha kwa sauti ndogo, mazoea tu, "gusa utuambie."

"Hapana," akasema Kata Kwanza. "Leo naligusa mimi."

Akavua viatu, akavua soksi zenye matundu, akasimama kwenye saruji iliyolowa, akalishika bomba kwa mikono miwili. Akalifungua, maji yakatoka, akaendelea kulishika huku yakimlowesha mpaka magotini. Ndipo akageuka, akapiga goti moja mbele ya kigoda, lile goti baya kuliko jingine, akaanza kumfungulia dada yake kamba za viatu.

Unyayo wa kwanza ukagusa maji. Dada akafumba macho. Hakuhisi ubaridi wala joto, alijua tu kwa sauti ya maji yakichuruzika kati ya vidole vyake. Kata Kwanza akachukua sabuni, akaosha polepole, akikwepa kidonda.

Baada ya muda dada akafumbua jicho moja.

"Mbona mkono wako unatetemeka? Linatekenya?"

"Hapana, Dada," akasema, hakuinua uso. "Halitekenyi."

Dada akaweka kiganja juu ya kichwa chake chenye mvi na vumbi la saruji, akakiacha pale.

"Mguu wa pili bado," akasema.