Sekunde Nane za Bibi

Jana jioni mama mmoja anayeishi Houston alinitumia picha kwenye simu. Wanahama, na waliposogeza kabati la vyombo wakakuta karatasi imeanguka nyuma yake: bibi kizee amechorwa kwa penseli, boksi kichwani, mguu wa kulia uko hewani. Pembeni imeandikwa 61. "Huyu si bibi yako?" akaniuliza. Rafiki yangu, niliketi pale pale sakafuni jikoni, na chapati iliyokuwa motoni ikaungua mpaka jirani akagonga mlango.

Ili unielewe, turudi Lewisville mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi. Tulikaa ghorofa ya chini katika zile nyumba za kupanga ambazo kila mlango unafanana na mwenzake. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye bohari la vifurushi, mjomba alikuwa anabeba mizigo uwanja wa ndege, na mimi nililelewa na Bibi. Nyumba yetu ilinuka dagaa na mawese kutoka asubuhi, na nje joto la Texas lilikuwa la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Juu yetu alikaa mzee mmoja wa Kimarekani, peke yake. Sauti yake tuliyoijua ni moja tu: frrr, frrr, frrr, ya karatasi nyingi zikipekuliwa kwa haraka. Bibi alidhani ni mhasibu.

Kila Jumamosi Bibi na mimi tulivuka barabara kwenda kununua mchele na maharage. Mzigo Bibi aliuweka kwenye boksi, boksi kichwani, mikono ikining'inia huru, akakata uwanja wa magari kama yuko kwao. Magari yalipunguza mwendo, watu wakashusha vioo kumtazama. Na mimi, sitakuficha, niliona aibu. Nilitembea hatua kumi nyuma yake, nikijifanya simjui.

Mzee wa juu alikuwa anatuangalia kutoka kwenye roshani yake. Siku moja akashuka, anahema, akaniomba nimtafsirie. Alisema maisha yake yote amechora vikatuni vya kwenye sinema: paka, bata, mbwa wanene. Amechora maelfu ya hatua, na kila anayetembea kichwa chake hupanda na kushuka. Sasa ameona mtu ambaye kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Je, Madam angekubali kutembea tena kidogo, ili amchore?

"Mwambie nimepigwa picha tangu nikiwa msichana," Bibi akasema. "Kadi ya mgao wa chakula kambini, picha. Kadi ya kliniki, picha. Safari ya kuja huku, picha tatu. Wote waliondoka nazo. Mimi sina hata moja."

Mzee akasikiliza, akainamisha kichwa. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kumwacha mgeni mlangoni. Alimwingiza ndani, akampa ugali na dagaa, na kesho yake akaanza kutembea.

Alitembea kwenye ule ujia mbele ya milango yetu, boksi tupu kichwani, huku mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki na penseli. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. "Mwulize kama mimi ni feni," Bibi alikuwa akinung'unika, lakini kila saa kumi alikuwa keshafunga kitenge chake kizuri.

Nami nikazoea kupanda juu. Mzee alikuwa na meza yenye kioo, taa ikiwaka chini yake, ili aweke karatasi juu ya karatasi na kuona hatua iliyotangulia. Pale ndipo aliponisimulia habari zake. Alianza kazi akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akiosha rangi kwenye zile karatasi za plastiki angavu walizochorea vikatuni, ili zitumike tena. Picha ya leo aliifuta yeye mwenyewe kesho. Baadaye akapewa picha za katikati: mkubwa anachora mguu ukiwa chini na mguu ukiwa juu, mdogo anajaza zilizobaki. Miaka ikapita, akawa mkubwa, halafu akawa mwongozaji, ana chumba kizima cha wachoraji na saa ya kupimia sekunde shingoni. Kisha zikaja kompyuta. Kampuni ikafungwa, na michoro yake yote, ya filamu zote, ikapakiwa kwenye lori la taka kwa sababu hapakuwa na pa kuiweka. Alisimama njiani akaliangalia lile lori mpaka likapinda kona.

Aliniambia jambo ambalo sikulielewa uzito wake wakati ule. Hakuna mchoro wake hata mmoja uliowahi kutundikwa ukutani, popote, hata kwake. Na sasa mkono wa kulia ulikuwa umeanza kumtetemeka. Alitaka filamu moja tu iliyo yake mwenyewe kabla mkono haujakataa kabisa. Filamu hiyo ni Bibi.

Miezi mitano ikamtoka kwenye karatasi tisini na sita, kila moja na namba yake pembeni. Kisha moyo ukamsumbua, ikabidi aende Houston kwa binti yake akapasuliwe. Bomba lilikuwa linavuja darini kwake, hivyo akamletea Bibi boksi lenye michoro yote amtunzie. Akirudi ataipiga picha mmoja mmoja na kuiunganisha, ndipo Bibi atembee kwenye filamu.

Hapa sasa ndipo tulipoharibu.

Bibi alifungua boksi akajikuta humo mara tisini na sita. Alikaa kitandani, akashika tama, machozi yakamtoka. Mtu asiyekuwa na picha hata moja! Yeye alijua picha ni kitu cha kugawa, ukumbusho, umpe mwenzio akukumbuke mkitengana, na watu wetu wametengana sana. Jumapili ile ile, baada ya misa kule Garland, mji wa jirani walikokaa wengi wa watu wetu, alianza. Kila aliyemsalimia akapata moja. Waliotutembelea wakapata. Jamaa wa mji wa Irving walitumiwa kwa mkono wa mjomba. Waliohamia Houston walizibeba pamoja na masufuria. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," alisema, akicheka.

Bibi hakujua filamu inatengenezwaje. Mimi nilijua. Niliona tisini na sita ni nyingi mno, moja ikipungua nani atagundua? Nilikaa pembeni yake nikaandika nyuma ya kila karatasi jina la anayepewa, kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Mzee aliporudi, amekonda, boksi lilikuwa na karatasi kumi na moja.

Alizihesabu kwa kidole kinachotetemeka. Nikamweleza yote, na nilipomtafsiria Bibi kwamba mkono ule hautaweza kuchora tena, Bibi alijifunika uso kwa kitenge. Sijawahi kumwona Bibi akiwa mdogo namna ile.

Mzee akazirudisha zile kumi na moja kwenye boksi. Halafu akaniuliza, "Wamezifanyia nini?"

"Wameziweka ukutani."

"Ukutani?"

"Ndiyo. Kwenye fremu, wengine."

Aliniuliza tena, na tena, kana kwamba nimesahau Kiingereza. Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, akasema anataka kuziona. Bibi akasema atapita nyumba hadi nyumba kuzirudisha, ingawa kudai ulichokwisha kutoa kwetu ni aibu isiyo na jina. Mzee akakataa kata kata. Zisiondolewe hata moja. Zitapigwa picha hapo hapo zilipo.

Basi zikaanza Jumapili za kuzunguka. Mjomba anaendesha, mzee mbele na kamera yake, Bibi na mimi nyuma na daftari langu la majina. Nyumba ya kwanza Garland, Bibi alikuwa juu ya televisheni, kati ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na kalenda ya parokia. Mwenye nyumba akashtuka kuona kamera. "Mzee, ukimchukua huyu, ukuta wangu ninaupa nini?" Mwanawe mdogo akamdokeza mgeni, "That's our grandma." Nikataka kumwambia huyo bibi ni wangu peke yangu, nikainamia daftari langu. Mimi ndiye niliyekuwa natembea hatua kumi nyuma.

Huwezi kuingia nyumba ya watu wetu ukapiga picha ukaondoka. Ukae kwanza, ule kwanza. Mzee alikula isombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, mpaka akajua kuikosoa. Kwa sababu hiyo kazi ya wiki mbili ikachukua zaidi ya mwaka, na sijui kama aliwahi kuwa na mwaka bora kuliko ule. Kila nyumba alisimama mbele ya mchoro wake mikono nyuma, kabla hajagusa kamera.

Ilipoingia 2020 na milango yote ikafungwa kwa sababu ya korona, zilikuwa zimebaki tano, za watu waliohamia Houston na kwingine kusikojulikana. Nikajitolea kuzichora. Nilikuwa nimejifunza kidogo pale mezani kwake. Akatikisa kichwa. "Hizo zina kwao sasa," akasema.

Akaunganisha tisini na moja. Siku ya kuonyesha, Bibi alikaa kwenye kiti nje ya mlango wa mzee kule juu, na mzee akasimama ndani akiishika kompyuta dhidi ya kioo cha dirisha, maana hatukuruhusiwa kukaribiana. Bibi akajiona akitembea. Nyuma yake kuta zilibadilika, za buluu, za rangi ya maziwa, zenye taa za Krismasi, na kichwa chini ya boksi hakikupanda wala hakikushuka. Mahali patano, pale karatasi zilipokosekana, aliruka kidogo kama aliyekwepa dimbwi.

"Miezi mitano, na nyumba zote zile, kwa sekunde nane?" Bibi akauliza. Akafuta macho. "Mwambie arudie."

Mzee akarudia mpaka betri ikaisha.

Mwaka ule ule binti yake alimchukua moja kwa moja Houston, na huko akafariki. Bibi naye alimfuata kaburini baadaye. Zile nyumba zimepakwa rangi mpya, na juu hakuna tena anayepekua karatasi. Wale wa Garland wametawanyika, kila mtu na mji wake, na Jumapili zangu siku hizi nakula peke yangu.

Nakala ya filamu mzee aliniachia mimi, na jana usiku nikaiweka picha ya 61 mahali pake. Pale Bibi alipozoea kuruka, sasa ameweka mguu chini taratibu, akapita. Zimebaki nne. Sizitafuti kwa pupa, kwa kuwa kila inayokosekana ni ukuta mmoja ambapo Bibi bado yupo.

Nimeitazama sijui mara ngapi. Anatoka kushoto, anaishia kulia, na hakuna mtu kando yake. Ningepewa sekunde nane za kweli, ningekimbia zile hatua kumi, nimwambie, Bibi, lete boksi nikupokee.