Mtoto aliyeandikiwa "hapana" kila mahali kwa sababu alilelewa vizuri

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini huku mnasoma simu chini ya meza.

Jana kuna member alileta mada ya checklist za walimu. Akasema ni karatasi za kupoteza muda, mwalimu mzuri anamjua mwanafunzi wake kwa kumtazama tu. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likazidi kurefuka, nikaona nifungue uzi wangu nisimharibie wake.

Nasimulia nilichokiona. Ambacho sikukiona nitasema sikukiona, na huko mbele mtaelewa kwa nini naapa hivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Bwiza, Bujumbura. Baba alikuwa fundi magari. Nyumba yetu ilikuwa ya Waislamu wa mjini wa siku nyingi, sinia moja mikono mingi, ukichelewa unakuta mifupa.

Ile miaka ya mwishomwisho ya vita nilipata kazi ya kufundisha darasa la maandalizi. Lilikuwa la watoto waliokosa shule kwa sababu ya vita, wengi wao wametoka milimani na kujibanza kwa ndugu mjini. Tulifundishia kwenye ukumbi tulioazimwa na wafanyabiashara wa mtaani. Nyuma ulikuwa na uwanja mdogo na bomba la maji.

Mwisho wa maandalizi, mtoto aliyekuwa tayari alipelekwa darasa la kwanza kwenye shule ya msingi ya jirani. Nafasi zilikuwa chache. Ambaye hakuwa tayari alisubiri mwaka mwingine.

Mtihani wa siku moja haukufaa. Leo milio imesikika kule juu milimani, nusu ya darasa haiji. Kesho barabara imefungwa. Mtoto angekosa siku moja akapoteza mwaka mzima. Ndiyo maana wafadhili wakatuletea checklist.

Sisi tuliita fishi, kwa Kifaransa chetu cha mtaani. Tulifundishwa kuitumia kwenye semina kule Kinindo, mtaa wa matajiri, ndani ya villa yenye bustani, na chai ya maziwa na sambusa. Sambusa nilikula zangu na za jirani yangu, maana yeye hakugusa sahani. Huyo jirani mtamjua sasa hivi.

Fishi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Upande huu mambo ya kuangalia kwa mtoto: anataja jina lake kwa sauti, anamtazama anayezungumza naye, anahesabu mpaka kumi, anafuata maagizo, anacheza na wenzake, anakula pamoja na wenzake. Upande ule visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Na utaratibu wake nausifu mpaka leo. Walimu wawili wanamwangalia mtoto mmoja, kila mtu na karatasi yake, bila kuambizana. Unaweka alama baada ya kuona jambo linatendeka. Huweki kwa kuwa unampenda mtoto, wala kwa kuwa jana alikuudhi. Kisha mnakaa mbele ya mkuu mnalinganisha.

Mwenzangu alikuwa Mwalimu Deo, yule jirani wa sambusa.

Deo alikuwa wa mtaa wa Ngagara, mtoto wa mtumishi wa serikali. Shati limenyooka hata wiki ambayo mtaa mzima hauna umeme, sijui alipigaje pasi. Siku minibus zisipotembea alikuja kwa miguu na bado alinitangulia mimi niliyelala mtaa wa pili. Tulitaniana sana, ila kazi yake aliiheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Sasa, mtoto wetu.

Aliitwa Kaneza. Miaka tisa hivi, mkubwa kuliko wenzake, alikuwa anaishi kwa mama yake mdogo aliyeuza mkaa karibu na soko. Huyo mama mdogo alikuja asubuhi moja kuniona. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Madamu Zaina, mi sina ubaya na huyu mutoto," aliniambia. "Lakini kama masomo inamukataa, kuko famiye moja kule Kinindo banatafuta mutoto wa kulea bebe. Kwao atakula, atavaa. Mi nitafanya namna gani?"

Nikamwambia asubiri fishi. Akasema atasubiri, lakini wale watu wa Kinindo hawatasubiri mwaka.

Kwa hiyo mnaona uzito wake. Karatasi moja ndiyo ingeamua kama Kaneza atashika kalamu au atabeba mtoto wa watu mgongoni.

Mimi sikuwa na wasiwasi, wakuu. Nilikuwa nimemwangalia uwanjani. Wale wadogo walipogombea vikombe bombani, yeye ndiye aliyewapanga, na alijua kikombe cha nani kina ufa. Wasichana waliporuka kamba ya migomba, yeye ndiye aliyehesabu, kwa Kirundi, akapita kumi na kuendelea mpaka anayeruka achoke. Niliandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikaenda zangu nyumbani kula.

Siku ya kulinganisha tulikaa mbele ya mkuu wetu, mama mmoja mwenye miwani mizito na sauti ndogo. Wote tulimwita Madamu Direktrisi. Akaweka fishi ya Deo na yangu pamoja. Akatazama hii, akatazama ile, akavua miwani akaifuta.

"Hii ni mutoto mumoja ao ni babili?"

Yangu ilikuwa ndiyo tupu, isipokuwa ile ya kula, niliyoiacha wazi. Ya Deo ilikuwa hapana kuanzia juu hadi chini.

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Nikamuuliza Deo kama alikuwa anamwangalia Kaneza au anaangalia ukuta.

"Mi niliandika kile niliona," alisema, taratibu, kama kawaida yake. "Nilimuita mbele, nikamuuliza jina, akaangalia chini. Nikamwambia ahesabu, akanyamaza. Uji akaupeleka kwa ukuta, akatupa mugongo. Niandike ndiyo ya wapi?"

Na hapo ndipo nilipomtazama vizuri huyu mwenzangu.

"We Deo," nikamwambia, "sasa hivi unaongea na Madamu. Unaangalia wapi?"

Alikuwa ameinamisha kichwa tangu tulipoingia ofisini.

"Viatu," akasema.

"Na ule mukate wako wa saa ine, nani humu alishakuonaka ukiukula?"

Shule nzima tulijua kwamba saa nne Deo huenda nyuma ya mlango wa stoo na mkate wake, anarudi mdomo umefutwa. Hata kule Kinindo aliziacha sambusa zile nzuri kwa sababu meza ilikuwa imejaa watu asiowajua.

Wakuu ambao hamjui kwetu, niwaeleze kidogo. Mtoto wa Kirundi aliyelelewa kwa utaratibu wa nyumbani hamkodolei macho mkubwa. Hapazi sauti mbele ya watu wazima. Na kula mbele ya wageni ni aibu kabisa, watu watasema huyu ana tamaa, kwao hawakumfunza. Sisi wa sinia moja tuliwashangaa, wao walitushangaa zaidi.

Na Deo hayo yote aliyajua! Wazazi wake walitoka milimani, walimlea hivyo hivyo hapo Ngagara. Asingekuwa na kalamu mkononi angesema Kaneza ana adabu. Lakini alipewa kisanduku kinachouliza kama mtoto anamtazama mtu usoni, naye kwa uaminifu wake akajibu kilichoulizwa. Alimnyima mtoto alama kwa mambo ambayo yeye mwenyewe anayafanya kila siku.

Nilicheka, nikashindwa kuacha. Deo naye akaanza kutabasamu akitazama vilevile viatu vyake.

Madamu Direktrisi hakucheka. Mimi nilidhani atachukua fishi yangu na kuitupa ya Deo. Hakufanya hivyo.

"Musibadilishe alama hata moja," alisema. "Mubadilishane mahali. Deo ataenda kwa bomba, Zaina ataingia kwa darasa. Wiki ijayo mutarudi."

Basi Deo akakaa uwanjani juu ya ndoo iliyogeuzwa, shati jeupe, fishi magotini, watoto wanamzunguka wakidhani anauza kitu. Mimi nikaingia darasani.

Na niseme ukweli kama nilivyoahidi: ndani Kaneza alikuwa kimya kweli. Deo hakumsingizia. Nilimwita mbele, akawa kama amemezwa na sakafu. Ila nilipochuchumaa kando ya benchi lake, nikajifanya nasahihisha daftari la jirani yake, nilimsikia anasoma herufi zilizoko ubaoni. Sauti ilikuwepo, ndogo, kama anaongea na benchi.

Deo alirudi kutoka bombani na uso wa mtu aliyepata habari.

"Amehesabu mpaka mi nimechoka," akaniambia. "Na kuna katoto kamoja kalilia, akakaosha uso, akakarudisha kwa mustari. Wala hakuambiwa na mutu."

Nikamwambia karibu duniani.

Lakini hakuwa amemaliza. Alikuwa anaitazama ile fishi kwa hasira, na Deo mimi sikuwahi kumwona na hasira.

"Zaina, hii karatasi iko na makosa. Inataka niseme ndiyo ao apana. Kama sijaona, naandika apana? Apana ni ya mutu aliyeona."

Akatoa rula. Kando ya visanduku viwili akapiga mstari wa tatu wa kushuka chini, umenyooka kama mashati yake, na juu yake akaandika neno moja: sijaona.

Nikamkumbusha kuwa karatasi ni ya wafadhili wa Kinindo, hairuhusiwi kuchorwachorwa. Akaniambia wafadhili hawajamwona Kaneza. Nikampa na fishi yangu aipige mstari.

Siku ya kikao cha mwisho, mama mdogo alikuwepo, mikono bado ina mkaa kwenye kucha. Kaneza alisimama mlangoni ameshika pindo la kitenge chake.

Madamu Direktrisi alisoma mambo yote kwa sauti, moja baada ya jingine, na sisi wawili tukajibu. Anahesabu? Ndiyo, ndiyo, na mahali tulipomwona tukapataja. Anafuata maagizo? Ndiyo. Anacheza na wenzake? Ndiyo. Anataja jina lake kwa sauti, anamtazama anayezungumza naye? Ndiyo, kwa wenzake. Mbele ya watu wazima, sijaona.

Mama mdogo hakuelewa vizuri, alikuwa anatutazama midomo.

"Anakula pamoja na wenzake?"

"Sijaona, Madamu," Deo akasema.

"Sijaona," nami nikasema.

Madamu Direktrisi aliutazama ule mstari wa rula kwa muda, nikajua sasa tunagombezwa. Akavua miwani.

"Na mi je? Mulishanionaka nikikula?"

Tukatazamana. Kwa kipindi chote nilichofanya kazi pale, hata siku ya sikukuu, sikuwahi kumwona yule mama akitia hata karanga mdomoni.

"Apana, Madamu," Deo akaanza, kisha akajisahihisha. "Sijaona."

"Na niko direktrisi," akasema, akasaini.

Mama mdogo akaniuliza hiyo ni kusema nini. Nikamwambia ni kusema mtoto anaenda darasa la kwanza. Akakaa kwenye benchi, akapangusa uso, mkaa ukamchafua shavu lote.

"Basi bale ba Kinindo batafute mwengine," alisema.

Kaneza alikuwa anatazama chini, lakini mimi nilikuwa nimeshajifunza kuangalia, nikainama kidogo. Alikuwa anavichekea vidole vyake vya miguu. Nilifurahi, wakuu, furaha ambayo sikuwa nimeipata muda mrefu katika miaka ile.

Alisoma, akamaliza, sasa ni mwalimu. Mwaka juzi aliniita kwenye harusi yake, hukohuko Bujumbura. Kwenye karamu ya ndugu nilikalishwa karibu na Deo, ambaye sasa ana mvi, na shati bado limenyooka. Bibi harusi akaletewa sahani mbele ya watu wote. Mimi na Deo tukakodoa macho bila aibu. Kaneza akainamisha uso, akavuta shela, na sahani ikaondoka imepungua bila mtu kujua ilipunguaje.

Nikamgusa Deo kiwiko. Hata hakugeuka.

"Sijaona," akasema.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa uzi wa jana, checklist haikutupotezea muda. Bila zile karatasi mbili kupishana, mimi ningebaki na Kaneza wangu wa bombani, Deo na wake wa ubaoni, na mwenye sauti kubwa kikaoni ndiye angeshinda. Kilichotaka kumponza mtoto ni karatasi iliyotungwa mbali kuulizia adabu ya kwetu, tena ikakosa mahali pa mwalimu kukiri kwamba hajui.

Tangu siku hiyo sijawahi kujaza fishi yoyote bila ule mstari wa tatu. Umenifuata hadi nyumbani. Mume wangu kila mwaka anadai anajua kupika pilau, nami namjibu kwa neno la Deo.

Walimu mlioko humu, na wazazi ambao watoto wenu walirudi na ripoti ya "hachangamki", semeni yaliyowakuta. Nasoma kila jibu.

Na wale mtakaosoma mpaka hapa mkapita kimyakimya, sitawaandikia hapana.