Mashine ya Faki na Zulia la Msikiti

Faki seremala alijiwekea kanuni moja: mashine inayoingia msikitini hainyonyi maji ya choo. Aliishika miaka sita.

Mashine yenyewe aliinunua mwaka 1991 kwenye mnada wa hoteli moja iliyofungwa, akaileta kwenye karakana yake ya Junda, Mombasa. Ilikuwa pipa la chuma lenye magurudumu, mota juu, na mpira mnene wa kunyonyea, wenye mikunjo. Watu walikuja kuitazama. Ukitia chujio la karatasi, ilimeza vumbi la mbao hata lile la pembeni mwa makabati. Ukilitoa, ilinyonya maji. Pipa likijaa, boya dogo lilipanda ndani likaziba njia, mngurumo ukabadilika, nawe ukajua ni wakati wa kumwaga. Vumbi la mvule lilikuwa limemharibu Faki kifua. Tangu apate mashine, alilala bila kukohoa. Na kila mwezi wa Shaaban ukielekea kwisha, kabla ya Ramadhani, aliipeleka msikitini, akasafisha zulia bila malipo.

"Hiyo yala kila kitu?" jirani yake, Bi Mwanatabu, alimtania. "Basi ilishe na yule kuku wangu asiyetaga."

"Huyo, mama, hata mashine itamtema."

Mvua za mwisho wa 1997 zilijaza shimo la choo cha Bi Mwanatabu, maji yakaingia hadi chumbani. Bibi huyo alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kushuka kitandani.

"Faki, mwanangu! Uchafu uko chini ya kitanda!"

Faki alikwenda kuileta mashine, akavuta waya wa umeme kutoka karakanani. Alinyonya na kumwaga mpaka sakafu ikaonekana. Hapo simlaumu. Usafi haukuamrishwa ili mgonjwa aachwe ndani ya kinyesi.

Shaaban ilipofika alimweleza imamu, Maalim Abdillahi, yaliyotokea.

"Uliiosha?"

"Mara saba, kwa sabuni."

"Basi imetwaharika. Ilete."

"Na ndani ya ile mikunjo ya mpira, Maalim? Sikuona."

"Sheria imekutaka uoshe, Faki. Haikukutaka uingie mpirani!"

Waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Faki hakucheka. Lile ni zulia ambalo juu yake watu huweka nyuso zao wakisujudu, naye alitaka kujua. Asubuhi alichukua kisu, akaupasua mpira kuanzia mdomoni hadi mwisho kama anayepasua papa, akautandaza juani. Alichungulia mkunjo mmoja baada ya mwingine, akipitisha kidole.

Ulikuwa safi.

"Haya, umejua sasa," Maalim alimwambia alipokuja kuona.

"Nimejua, Maalim."

Kuvunja kanuni kwa ajili ya jirani kulikuwa haki. Kutoridhika baada ya kuosha na kuelezwa na mwenye elimu, hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Mpira wa kipimo kile hakuupata Mombasa nzima. Alijaribu wa kumwagilia bustani, ukabonyea mara mota ilipovuta. Zulia la msikiti lilifagiwa kwa ufagio Ramadhani ile. Karakanani vumbi lilirudi, na kikohozi nacho. Kabla ya mwaka 1999 kwisha, Faki aliuza randa na misumeno yake, akaacha useremala.