Jibu la Posa Lilivyoishia Koponi

Wapo watu wa Malindi ambao mpaka leo wakinikuta sokoni huniuliza, "Bwana hajambo?" na mgeni akisikia hudhani wanamuulizia tajiri wangu, kumbe wanamuulizia ndege, nami huitika "hajambo" kwa sauti ya chini huku nikitazama mizani yangu. Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya themanini. Nimeona bora niieleze mwenyewe, maana wengine wakiieleza huitia chumvi, na wallahi chumvi haihitaji.

Wakati huo nilikuwa nauza nafaka katika duka moja la soko la zamani: mtama, uwele, kunde, choroko. Wataliano walikuwa wameanza kujaa mjini na mahoteli yao, na baadhi yao walifuga kasuku wadogo, wale wa kijani wanaoenea kiganjani, uso mwekundu wa kupauka na kiuno buluu. Wapishi wao walitumwa kwangu kununua uwele wa ndege, na wakifika huniuliza maswali, kwa kuwa muuza chakula hudhaniwa anamjua mlaji. Mimi sikuwahi kufuga hata kuku. Lakini kumwambia mteja "sijui" niliona ni kama kumpunja kwenye kipimo, basi nikawa najibu tu. Dume ana kichwa kikubwa na jeuri, nikawaambia, na jike ni mpole, hapendi makuu. (Niliyatoa wapi hayo? Nilikuwa nikiwaangalia majirani zangu, na hata kwa majirani haikuwa kweli.) Baada ya miezi michache nikawa fundi wa kasuku wa mji mzima, na sikumsahihisha mtu.

Sasa, palikuwa na mzee mmoja akiitwa Maalim Badi, aliyesomesha watoto Kurani chuoni miaka mingi mpaka akastaafu, na mwandiko wake wa herufi za Kiarabu ulisifika hata Mambrui, mtu akiwa na jambo zito humwendea yeye amwandikie. Mtaliano jirani yake alipohama alimwachia kasuku wawili katika tundu la waya, pamoja na karatasi ya maelezo iliyojaa pande mbili, yote kwa Kitaliano. Maalim aliitunza ile karatasi vizuri sana, ila kuisoma hakuweza. Mmoja wa wale ndege alipovimba manyoya na kukaa chini kwa hasira, akaniita mimi.

Nilikwenda mbio. Maana Maalim Badi alikuwa na binti, Swabra, na ami yangu Omari wa Mambrui, aliyenilea baada ya baba kufa, alikuwa amempelekea Maalim barua ya posa kwa niaba yangu wiki mbili kabla, na jibu lilikuwa halijatoka. Nilikuwa silali vizuri, na kula nilikuwa nakula kwa adabu tu, ili mama mwenye nyumba asiulize.

Nikafika, nikamwamkia shikamoo, nikachuchumaa mbele ya tundu nikiwa nimekunja uso kama daktari. Mmoja alikuwa juu anajinyoosha. Mwingine yuko chini anachana gazeti walilotandikiwa, na nilipoingiza kidole akaking'ang'ania.

"Huyu ni dume," nikasema, nikijifuta damu. "Na ameingiwa na baridi."

Maalim alifurahi sana kujua. Hapo hapo akawapa majina, yule mgonjwa Bwana na mwenziwe Bibi. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia, na sauti ile nilikuwa naijua vizuri kuliko nilivyopaswa.

"Baba, mbona mimi namwona ni jike? Kutwa ndiye anayechana karatasi na kujichomekea kiunoni."

"Nyamaza, mwanangu," Maalim akasema. "Mwache fundi afanye kazi yake."

Nami nikacheka kile kicheko cha mafundi, nikasema, "Ni homa hiyo, Maalim." Nikashauri nimchukue Bwana nikamtibu kwangu, mbali na mkewe, asije akamwambukiza.

Nilipokuwa natoka, Maalim akaenda rafuni, akatoa bahasha ndefu katikati ya kitabu. "Hii ni ya ami yako," akaniambia. "Ningempa ndugu yangu aipeleke lakini mguu umemvimba. Ijumaa ami yako akija kuswali, mkabidhi mkononi. Ni barua ya wazee, Athmani, usiifungue." (Aliponiona ninaaminika kwa ndege, akaona nitaaminika kwa karatasi pia.)

Jibu langu lilikuwa mle ndani.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo, na ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma siku moja tu maishani ningerudi hiyo. Mkono mmoja umebeba tundu dogo alilohamishiwa Bwana, wa pili kikapu cha uwele na kibakuli cha maji, na kanzu yangu ilikuwa na mfuko, sikatai, mfuko mzuri tu, lakini nikawaza kwamba barua ya Maalim haifai kukunjwa, na jasho litaitia doa. Basi nikailaza juu ya tundu, imenyooka sawasawa, nikaifunika kwa kile kitambaa cha kumkinga mgonjwa na upepo. Nikajipongeza. Njiani nilisimama mara tatu kuamkiana na watu ambao siku nyingine huwapita, ili waone natoka nyumba gani.

Nilipofunua kitambaa chumbani kwangu, barua haikuwako. Sisemi aliila, nitakuwa namsingizia. Aliichana pamoja na bahasha yake, kupitia kwenye waya, vipande vyembamba vya urefu wa kidole, vyote sawa, hata fundi wa cherehani angeviona angemwajiri, na vitano vilikuwa vimemsimama kiunoni manyoyani, naye ananitazama. Kilichobaki kwenye waya ni kipande cha juu: Bismillahi, na chini yake, "Kwa ndugu yetu Omari." Nikakitoa kwa heshima nikakiweka rafuni. Jina la Mwenyezi Mungu lilisalimika na jina la ami yangu lilisalimika. Kilichopotea ni jibu tu.

Nikamwekea Bwana ndani ya tundu kopo tupu la maziwa ya unga alale mle apate joto, na yeye akavikokota vipande vyote ndani ya kopo. Nilipotaka kuvitoa aliniuma vidole vitatu, na kovu la kimoja ninalo. Vichache nilivyopata nikavipanga mkekani, lakini alikuwa amekata maandishi wima, kila kipande kina vichwa vya herufi na nukta, na nukta bila herufi haimwambii mtu kama anaoa au haoi.

Ningekwenda kwa Maalim jioni ile ile nikasema, yangekwisha. Lakini nilijua atakachosema: aliyeshindwa kubeba karatasi mitaa mitatu, atambebaje mwanangu? Basi Ijumaa ami alipokuja nikamwambia, "Maalim bado anafikiri." Na Maalim aliponiuliza nikamwambia, "Ami ameipokea, anashukuru, atakuja." Niliona nimepata nafasi ya kupumua. Nafasi ya kufanya nini, sikuwa nimefikiria.

Ijumaa ya pili Maalim akaniuliza mbona ami yangu haji, nikasema ana shughuli ya minazi. Ami akaniuliza mbona Maalim kimya, nikasema ndege wake anaumwa. Ya tatu, Maalim aliitikia salamu yangu akitazama pembeni, na ami akaniambia kwamba katika ukoo wetu hatujawahi kuwekwa wiki tano, hata na watu wenye mashamba. Wazee wawili walioheshimiana miaka thelathini walikuwa wanaanza kuchukiana kwa ajili yangu, nami kila nikirudi chumbani nakuta Bwana hatoki koponi. Nikimchungulia ananizomea. Nilimwekea maji ya tangawizi, akayamwaga. Nikaamini anakufa.

Ikawa Ijumaa hiyo hiyo ya tatu Maalim ametuma neno: baada ya alasiri nimrudishe ndege wake, akiwa mzima au mgonjwa. Ami yangu akiwa pale pale alisikia, akavaa kofia yake vizuri. "Tutafuatana," akasema. Nilimwambia jua kali. Akasema yeye ni mtu wa Mambrui, jua analijua.

Barazani kwa Maalim palikuwa na watu sita au saba, kahawa inazunguka. Nikaweka tundu chini, kitambaa juu. Salamu zikatolewa, ndefu na baridi. Kisha ami akasema, kwa Kiswahili kile cha wazee ambacho kila neno limepigwa pasi:

"Maalim, mtu akinyimwa huambiwa, akashukuru, akaenda zake. Lakini kunyamaziwa, sisi hatujazoea."

Maalim akaweka kikombe chini. "Kunyamaziwa, ndugu yangu? Mimi ndiye niliyekaa wiki tatu nikingoja miguu yenu. Barua si nilimpa kijana wako mwenyewe?"

Wote wakanitazama. Nilifungua mdomo, na wallahi naapa kilichotoka ni hiki: "Tumwangalie kwanza mgonjwa."

Maalim, kwa sababu ni mtu wa subira, akafunua kitambaa. Akafungua mlango wa tundu, akalitoa lile kopo, na Bwana akatoka akipiga kelele, akapanda mkono wa Maalim mpaka begani, kipande cha karatasi kimemsimama kiunoni. Maalim akachungulia koponi. Akavaa miwani, akachungulia tena.

"Athmani. Ulisema huyu ni dume?"

"Ndiyo, Maalim."

"Dume lako limetaga mayai manne."

Mzee mmoja mnywa kahawa, aliyekaa mwisho wa baraza, akasema polepole, "Labda ndivyo madume ya Kitaliano."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza, maana wangecheka ningejificha katika kicheko chao. Maalim alikuwa ameshachomoa kipande kimoja chini ya mayai, kwa ncha za vidole, akakinyoosha kwenye goti. Akachomoa cha pili. Mtu anayejulikana kwa mwandiko wake haulizi ni wa nani.

"Huu mkono wangu," akasema.

"Barua gani hiyo?" ami akauliza.

Nikasema yote. Nilisema nikitazama zulia la baraza, nalijua zulia lile uzi kwa uzi: habari ya mfuko wa kanzu na jasho, Bismillahi iliyo rafuni kwangu, minazi ambayo haikuwa na shughuli yoyote. Nilipofika kwenye maji ya tangawizi, ami yangu aliinua mkono kuniomba ninyamaze, akafunika uso. Alikuwa amenitetea kwa watu wiki tatu nzima.

Ndipo sauti ya nyuma ya pazia ikasema, haikupanda wala haikushuka:

"Mimi nilisema tangu mwanzo ni jike."

Maalim akavua miwani. "Barua ile," akamwambia ami, si mimi, "ilikuwa ya kukubali. Nilikuandikia kwa furaha. Lakini kalamu yangu haiandiki jambo moja mara mbili, na aliyekubali wakati ule alikuwa hajayajua haya ya leo. Aulizwe tena."

Akamwita mkewe, naye akaenda ndani kumuuliza Swabra. Tukangoja. Kahawa ikazunguka raundi nzima, nami nikapitwa, kwa haki. Bwana alikuwa begani kwa Maalim anamchana uzi wa kofia. Sijawahi kutamani neno lolote duniani kama nilivyolitamani neno lile, na nilijua silistahili.

Mama Swabra akarudi, akasimama mlangoni.

"Anasema anakubali," akasema. "Lakini ndege hatoki tena nyumba hii mpaka atoke pamoja naye. Na huyo mwanamume asimguse."

Hapo ndipo baraza ilipocheka, mpaka ami, mpaka Maalim, na mimi nikacheka kidogo pembeni huku machozi yananitoka, nikasingizia moshi wa udi ingawa udi haukuwako.

Tukaoana. Bwana na Bibi walikuja na vyombo vya bibi harusi, kopo lao pia, na Bwana akaendelea kuitwa Bwana kwa sababu alishazoea. Nilidhani yamekwisha. Lakini siku moja, karibu mwezi baada ya harusi, Swabra akikunja nguo, aliniambia bila kuniangalia, "Unajua wiki tatu zile nilijua umenikataa? Jibu langu umelipata na hukuja. Leso nilizokuwa nimeziweka za harusi nilimwambia mama azigawe." Kisha akasema, "Na wewe ulikuwa kwako, unampa ndege tangawizi."

Aibu ya barazani ilikuwa ya watu saba, na watu husahau, au angalau huchoka. Ile ya siku ile ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa nimehesabu hofu yangu tu, haikunipitia akilini kwamba nyuma ya pazia lile kulikuwa na mtu anayengoja kama nilivyongoja mimi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Haya," akaendelea kukunja nguo, na leso nyingine nilimnunulia, lakini najua si zile.

Tangu hapo barua yoyote nikipewa, hata ya bili, huikunja mara nne nikaitia mfukoni, ipate jasho ipendavyo. Na wateja bado huja dukani na kasuku wao wadogo katika vikapu, huniuliza, "Fundi, huyu ni dume au jike?" Nami lile neno lililonishinda kulitamka nikiwa kijana sasa hulitoa hata kabla ndege hajafunuliwa.

Sijui, huwaambia. Nendeni nyumbani mkamuulize Swabra.