Mafiga Matatu Kwenye Paja la Kulia

Habari ya kifo chake nilipewa na dereva wa teksi, Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya sukari. "Ule fundi wa Kamenge, mwenye ngombe, tumemuzika jana," aliniambia dirishani, akaendelea na safari. Nilibaki nimesimama na mfuko wangu mtupu. Huzuni ilikuja baadaye. Kwanza ilinishika hasira, kwa sababu ya yale maneno mawili, "mwenye ngombe". Mtu yule amekufa bila hata mkia mmoja wa ng'ombe, na hakuuza hata mmoja.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa fundi wa magari, mpole, asiyependa kubishana. Baba yake aliwaachia yeye, dada yake na mama yao malisho na ng'ombe kwenye bonde la Rusizi, na vita vilipoifunga gereji yake, maziwa ya ng'ombe wale ndiyo yaliyowaweka hai. Kisha likatoka tangazo kwamba kila kundi lazima liwe na chapa iliyoandikishwa kwenye kitabu cha serikali. Ng'ombe asiye na chapa kitabuni hana mwenyewe. Niliona ni jambo jema. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umekuwa kazi kama kazi nyingine.

Nilikuwepo nyumbani kwao siku walipochagua alama. Mama yao alitaka mwezi mwandamo, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa mtu wa msikiti. "Mwezi, mama?" dada akacheka. "Watasema ngombe zinaswali, wazichinje za kwanza!" Fundi akataka herufi ya kwanza ya jina la baba. "Jina tena? We kaka, siku hizi mutu anakuuliza jina mbele ya kukuuliza kama umekula." Fundi akajaribu tena: mkuki. "Apana. Watauliza unataka kumuchoma nani." Mama alikuwa akichochea moto. Akasema bila kugeuka, "Basi weka mafiga. Hakuna mutu hapiki." Tulicheka, kisha tukaona amepata. Katika mji ambamo kila kitu kilikuwa na upande, mafiga hayakuwa na upande. Fundi alikata vipande vitatu vya bomba la moshi la gari, akavichomelea kwenye nondo, na hicho ndicho kikawa chuma chao. Walipiga chapa kwenye paja la kulia, kwa sababu mkamuaji hukaa upande huo, na fundi alitaka mama yake, ambaye ndiye aliyekamua, aione kila asubuhi.

Kuandikisha tulikwenda ofisini Rohero, mimi nikiwa shahidi, kwa kuwa nilisoma kidogo na Kifaransa nilikielewa. Karani hakuinua kichwa. "Chapa gani?" "Mafiga matatu, shefu." "Paja gani?" Fundi alikuwa mwoga wa maofisi. Hakutaja upande, alijipiga paja lake la kulia: "Hii hapa." Karani, aliyekaa akimtazama uso kwa uso, aliinua macho mara moja, akaandika paja lililokuwa upande wa mkono wake mwenyewe wa kushoto. Akanisukumia karatasi niisome. Niliisoma. Niliona neno *gauche*, na nilijua maana yake ni kushoto. Lakini foleni ilikuwa ndefu, karani alikuwa amekwisha kumfokea mama mmoja mbele yetu, nami nikajidanganya kwamba huenda ofisini wanahesabu pande kwa namna yao. "Iko sawa," nikasema, na nikatia sahihi, kwenye karatasi na kitabuni.

Mwaka uliofuata watu wenye bunduki waliswaga kundi lote kutoka bondeni. Siku chache baadaye tukasikia ng'ombe wako kwenye zizi karibu na machinjio, kwa mfanyabiashara mwenye marafiki wakubwa. Tulikwenda, na yule karani akaitwa na kitabu chake. "Kitabu kinasema kushoto," alisema. "Hizi ziko na chapa kuume. Haziko zako." Fundi akamwuliza, "Shefu, ni nani mwingine mu inchi hii ana mafiga matatu?" "Inchi ni kubwa." Hapo fundi akaita, "Gaju!" Ng'ombe mmoja mwekundu akajitenga na wenzake, akaja moja kwa moja, akaanza kumlamba mkono wa shati. Wachinjaji wakapiga makofi na kucheka. "Ngombe hatoi ushahidi, mzee," karani akasema. "Leta ombi la kusahihisha." Ndipo nami nikapata sauti, nikaeleza jinsi fundi alivyojipiga paja. Karani akageuza kitabu kuelekea kwangu. "Na hii si sahihi yako?" Ilikuwa yangu.

Ombi lilihitaji cheti kutoka kwa mkubwa wa kule bondeni, na wakati huo wakubwa wote wa kule walikuwa wamekimbia. Fundi alikitafuta cheti hicho kwa miguu, wiki baada ya wiki. Ombi lilipokubaliwa na kupigwa muhuri, ngozi za ng'ombe wake zilikuwa zimekwisha kukauka.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Wenye bunduki waliiba, lakini ni kalamu iliyouhalalisha wizi wao. Karani yule aliwaona ng'ombe kwa macho yake, akachagua kuamini kosa lake mwenyewe. Mnyonge hana haki, wahenga walisema. Walisema kwa uchungu, hawakutuamuru tuishi hivyo. Vita hivi vitakwisha siku moja, na bunduki zitarudishwa. Makarani watabaki palepale, na vitabu vyao.

Jumanne nilikwenda kutoa pole. Mama yao alitangulia mwaka jana. Nilimkuta dada peke yake, anakunja mikeka ya matanga. Nikamwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia kaka yake: kwamba siku ile Rohero niliona lile neno. Hakuacha kukunja. "Alijua," akasema. "Alisema, ule anajua Kifaransa, haiwezekane hakuona. Alisema, aliogopa, na mi niliogopa, basi." Ningefarijika zaidi kama angenitukana.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mliokwenda shule kidogo, kama mimi. Ukiombwa umsomee mtu karatasi yake, msomee neno kwa neno, hata karani akikunja uso, hata foleni ikiguna. Ukiona neno si lake, sema hapo hapo, kabla wino haujakauka. Ukingoja kusema siku ya pili, utasema kweli tupu, na hakuna atakayeiandika.