Ulimi wa Syokau Kwenye Simu ya Hoteli

Madereva wa masafa marefu hawakusimama kwa Syokau kwa sababu ya muthokoi peke yake. Mtito Andei ina hoteli tele, na muthokoi ni mahindi na maharagwe tu, hauna uchawi wa kumfanya mtu aegeshe trela. Walisimama ili wachokozwe. Kabla dereva hajatoka Voi, alituma meseji kwenye simu ya hoteli: "Kuna nini leo?" Syokau alijibu papo hapo: "Kuna chakula cha watu. Wewe nitakuangalizia makombo." Dereva akacheka, akaja, akala sahani mbili.

Kwa hiyo Yvonne, mke wa mwanawe Mutie, alipokaribia kujifungua huko Kitui, Syokau alikosa raha. Mtoto akiwa msichana angeitwa Syokau, maana kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Alitaka kumpokea kwa mikono yake mwenyewe, akae naye hadi watu wamfukuze. Lakini meseji za madereva zingejibiwa na nani? Kavindu, mpishi wake, alipika vizuri kuliko yeye, jambo ambalo Syokau alilikubali siku akiwa na moyo safi. Ila Kavindu ni mpole mno. Hata paka akiingia jikoni, humwomba atoke.

"Mwaitu, si tuifundishe simu?" Kavindu akamwambia siku moja, akimwita mama kwa Kikamba kama walivyozoea wote. "Kuna hii akili bandia ya kuandika. Mwenye duka la simu pale stendi anaitumia kujibu customers wake. Itaongea kama wewe."

"Kama mimi? Maskini, itapigwa."

Wakaijaribu. Siku ya kwanza ilimwandikia Nthiwa, dereva wa simiti na mteja wa miaka mingi: "Mpendwa mteja, tunayo furaha kukuandalia mlo wenye ladha ya kipekee." Nthiwa akapiga simu hapo hapo, sauti imejaa wasiwasi.

"Mwaitu, uko sawa? Umeuza hoteli?"

Syokau alicheka mpaka akakaa chini. Kavindu naye hakukata tamaa. Aliilisha ile akili bandia meseji zote za zamani za Syokau, akaiambia iandike hivyo hivyo. Loo, ilishika! Ilimuuliza Nthiwa kama lori lake linavutwa na punda. Madereva wakafurahi, na Syokau akaanza kukunja leso zake za safari.

Kisha akaandika Dirie. Huyu alikuwa akipeleka mchele Eastleigh na hajawahi kusimama pale. Aliuliza kwa adabu kama nyama yao ni halali. Simu ikamjibu: "Usitusumbue na maswali. Njoo, lakini kwanza nawa huo uso." Dirie akaandika, "Samahani, sikujua nimekosea," akapita zake.

Syokau alipoisoma aliona aibu hadi masikioni. Alifungua mkoba wa safari, akarudisha leso kabatini. Hakuna kwenda. Akampigia Dirie mwenyewe, akamwomba radhi, akamweleza kwamba nyama wanaitoa kwa Hani, mwenye bucha ya Waislamu pale mtaani. Dirie akaahidi kupitia akirudi Mombasa.

Na kweli akaja. Syokau alimkalisha meza ya dirishani, akamletea maji ya kunawa, akamhudumia kama mkwe. Dirie alipomaliza sahani na kushushia chai, Syokau akashika kiuno.

"Sasa umekula. Hebu nieleze, hiyo lori unaendesha au unaisukuma? Toka asubuhi nakungoja!"

Dirie alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Kavindu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Mwaitu, kwani ulikuwa unangoja ale kwanza?"

"Wewe nawe! Mtu hajaonja hata chumvi yangu nitamchokoza aje?"

Miaka yote hiyo alifanya hivyo bila kujua kwamba anafanya. Kavindu akaiandikia simu sharti hilo, pamoja na namba za wote waliowahi kula: aliyekula hapa mchokoze, asiyekula mkaribishe kwa heshima. Tangu hapo haikukosea tena. Leso zikarudi mkobani.

Alifika Kitui akamkuta Syokau mdogo ameshazaliwa, kichwa kimejaa nywele. Akamsalimia kwa sauti ya chini, "Karibu sana, karibu mwaitu," na Yvonne akashangaa upole huo umetoka wapi.

Asubuhi, Yvonne akimnyonyesha mtoto, Syokau alishindwa kujizuia. Akachukua simu yake mwenyewe, akaandika kwa hoteli: "Kuna nini leo?" Jibu likaja: "Karibu sana, mgeni wetu. Leo tuna muthokoi na nyama. Ukifika utapewa meza ya dirishani, upumzike. Hatukuharakishi."

"Mgeni!" akafoka. "Mimi ndiye nimeifundisha kuongea, leo inaniita mgeni!"

"Lakini Mum," Yvonne akasema akicheka, "umewahi kukaa chini ukala pale?"

Syokau akaiweka simu magotini. Siku zote alikula amesimama kando ya jiko, sahani mkononi, jicho mlangoni. Ile meza ya dirishani alikuwa ameifuta tu. Hakujua kama anachosikia ni uchungu au ni furaha. Vilikuwa vyote viwili.

Mtoto akamaliza kunyonya, akacheua. Bibi yake akampokea, akamtazama vizuri.

"Ehe, umeshiba? Sasa niambie, hiyo pua umeiokota wapi? Kwetu hakuna pua kama hiyo!"

"Mum, hiyo ni yako."

Syokau alicheka hadi mtoto akashtuka. Halafu, kwa kidole kimoja, akaiandikia simu ya hoteli: "Niwekee hiyo meza. Tutakuja Syokau wawili, na wote ni wageni."