Nani Alipanda Michikichi ya Koko

Harufu ya mawese yanayochemka huwafanya watu wengi wa Rumonge, kwetu Burundi, wakumbuke nyumbani na kutabasamu. Mimi hasira hunipanda upya, kana kwamba karani yule bado amesimama uani petu na kaye yake, lile daftari lake la kuandikia, kwapani. Huwa nazima moto, natoka nje kidogo, kisha narudi kupika.

Koko Feza alikuwa dada mkubwa wa babu yangu. Walivuka Ziwa Tanganyika pamoja kutoka Kivu, upande wa Kongo, na sisi wajukuu tulimwita Koko kama wanavyoitwa nyanya wa huko. Hakujaliwa mtoto. Nimesimuliwa kwamba mwaka wa Uhuru, watu walipokuwa barabarani wakiimba, yeye alikuwa nyuma ya nyumba na jembe, akifukia miche ya michikichi aliyoiotesha kwenye makopo ya maziwa. Kiangazi chote aliinywesha maji ya ziwa, ndoo kichwani, asubuhi na jioni. Ilipoanza kuzaa, kazi iligawanywa kwa desturi ya pwani yetu: mwanamume hujifunga mshipi, hupanda mti na kuangusha mikungu, na mwanamke huchemsha na kukamua. Mwanamke kuonekana juu ya mchikichi ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Basi babu alipanda, Koko alikamua, na mimi niliokota kokwa zilizotawanyika hadi vidole vyangu vikawa vyekundu hata Jumapili kanisani, ambako tulifundishwa kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Koko aliliamini neno hilo kabisa.

Mwaka wa 1972 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sitaupamba mwaka ule. Babu aliitwa na askari kwa maswali machache, akapakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine wa mtaa wetu, wala hakurudi hata mmoja. Majirani walijazana mitumbwini kwenda Kigoma. Koko alikataa. "Miti yangu haipandake mutumbwi," alisema, akaendelea kukamua mikungu ya mwisho ambayo babu alikuwa ameiangusha.

Wiki chache baadaye akaja karani wa kuandikisha mashamba yaliyoachwa. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa, akatusalimu amahoro, yaani amani, bila kututazama.

"Hii michikichi, ni nani alipanda?"

"Mudogo wangu," Koko akajibu. "Mimi niko mwanamuke, ningepanda namna gani?"

"Na yeye iko wapi?"

"Si mulimubeba nyinyi."

Karani akaandika. "Basi haiko na mwenyewe," akasema, akafunga kaye.

Mimi nilikuwa nimeelewa. Yeye aliuliza ni nani aliyeitia miche ardhini, Koko akasikia ni nani aliyekwea. Neno moja tu, na mwenye kulijua vizuri zaidi alikuwa mtoto aliyefundishwa kutoingilia maneno ya wakubwa. Nikanyamaza kwa adabu. Adabu ile naichukia hadi leo. Karani alipokwisha kuondoka ndipo nilipomweleza Koko. Hakunigombeza, akaenda kuuchukua mshipi wa babu ukutani.

Kesho yake karani alirudi na bwana mmoja mnene aliyekuja kuoneshwa shamba lake jipya. Walimkuta Koko, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, juu ya mchikichi, kitenge kimefungwa mapajani.

"Nilipanda kwa jembe, na sasa nimepanda kwa mushipi," akasema kutoka juu. "Andika."

Bwana mnene akacheka. Karani akatazama viatu vyake. "Kaye ilishafungwa, mama."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tunavyosema. Kwa Koko waliishia kwenye kunyonga. Aliishi miaka minne baada ya hapo akikamua mawese ya mikungu ile ile, kibarua wa bwana mnene, na Jumapili hakwenda tena kanisani. Watu walisema uzee umemlegeza imani. Uongo. Alikuwa na akili timamu, na alikuwa amedhulumiwa.

Mwaka jana nilipita pale. Michikichi mirefu imekatwa, na mahali pake imewekwa aina mpya, mifupi, ambayo mtu huivuna akiwa amesimama chini. Mjukuu wa bwana mnene, kijana mpole, alinikaribisha kivulini. "Siku hizi hakuna mutu anapanda tena, mama," akanieleza kwa fahari. Kwa hiyo swali la karani sasa lina maana moja tu, na mtoto yeyote angeweza kulijibu bila kukosea. Kijana akaniuliza kama niliwajua watu wa zamani wa shamba hili. Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia alipanda Koko Feza, kwa maana zote mbili.